Asiyeuliza Hanalo Ajifunzalo: Historia Fupi ya Utafiti wa Jamii za Kiislamu, kutoka Ziwa Kivu hadi Swali la Mhanga

1. Utangulizi

Makala haya yanafuatilia jambo moja katika historia: namna wasomi na watawala walivyowachunguza Waislamu, kwanza katika eneo letu la Maziwa Makuu na pwani, kisha ulimwenguni kwa jumla, hadi kufikia swali gumu la watu wanaojilipua ili kuua wenzao. Huenda msomaji akauliza: mada hii ina uhusiano gani na idara ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba uhusiano upo tena ni wa karibu. Katika Rwanda, jina la lugha tunayoifundisha lilitumika kwa miaka mingi kama jina la dini, na jina la dini likatumika kama jina la mashaka. Mwalimu wa Kiswahili anayeingia darasani leo bila kuijua historia hiyo anafundisha akiwa na mzigo mgongoni asiouona.

Hoja yetu ni fupi. Jamii inapochunguzwa kwa woga, matokeo yake ni faili. Inapoulizwa kwa lugha yake yenyewe na kusikilizwa, matokeo yake ni elimu. Tutaonyesha hayo kwa kupitia hojaji za Wajerumani, kambi za Waswahili za wakati wa Wabelgiji, kitabu cha José Kagabo, kazi ya maisha ya mwanasosholojia Riaz Hassan, na tafiti za karibuni zilizofanywa katika Afrika yetu. Mwisho tutarudi katika kazi yetu wenyewe, yaani maneno.

2. Kiswahili chafika Ziwa Kivu

Tuanzie nyumbani. Kisiwa cha Nkombo, katika Wilaya ya Rusizi, kimo kusini mwa Ziwa Kivu, mkabala na nchi ya Kongo. Wakazi wake wana lugha yao ya nyumbani iliyo jamaa ya Kihavu na Kishi vya ng'ambo ya ziwa. Kinyarwanda wanakipata shuleni na ofisini. Kiswahili wanakipata majini na sokoni, wanapouza samaki na mazao na kununua bidhaa kutoka Bukavu. Kwa mvuvi wa Nkombo, Kiswahili ni lugha ya bei ya sambaza. Hakimwulizi anasali wapi.

Hata hivyo, Kiswahili hakikufika ufukwe huu mikononi mwa wavuvi. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen aliivuka Rwanda hadi Ziwa Kivu akiwa na msafara wa wapagazi na askari kutoka pwani. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, kwenye rasi iliyo kusini mwa ziwa, na kulishinda jeshi la Rwanda lililokwenda kuwafukuza. Miaka michache baadaye Wajerumani nao wakawa na kituo hapohapo Shangi, na daktari na mpelelezi Richard Kandt akajenga makazi yake huko kabla ya kwenda kuanzisha Kigali mwaka 1907 akiwa Mkazi wa serikali ya Kijerumani.

Katika misafara na vituo hivyo walikuwamo askari, wapagazi, wapishi, makarani na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mnyarwanda wa wakati ule aliwaona pamoja: bunduki, biashara, kanzu, lugha mpya na sala mpya. Si ajabu basi kwamba vitu hivyo vyote vilipewa jina moja. Aliyesilimu akaitwa Mswahili, hata kama amezaliwa mlimani, ana ukoo unaojulikana, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Msikiti wa kwanza wa Kigali, ulioko Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Kufikia wakati huo jina lilikuwa limekwisha shika.

3. Hojaji zisizowafikia wahojiwa

Wajerumani walikitegemea Kiswahili katika utawala, lakini waliuogopa Uislamu uliokwenda nacho. Woga huo ulipanda baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ingawa vita vile havikuwa vita vya Waislamu. Mwaka 1908 ilienea katika Afrika Mashariki ya Kijerumani barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwataka waumini watubu kwa sababu mwisho wa dunia umekaribia. Barua za namna hiyo zilijulikana katika nchi nyingi za Kiislamu. Lakini maofisa wa Lindi na kwingineko waliisoma kama tangazo la uasi, na msako ukaanza.

Baada ya hapo wasomi waliitwa kusaidia. Carl Heinrich Becker, mmoja wa waanzilishi wa taaluma ya Uislamu nchini Ujerumani, alichapisha mwaka 1911 makala ndefu kuhusu Uislamu katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwenzake wa Berlin, Martin Hartmann, alitunga hojaji kuhusu Uislamu iliyosambazwa katika makoloni ya Afrika. Kazi hizo zina faida mpaka leo, kwani zilihifadhi habari za walimu, vitabu na tariki ambazo zingepotea.

Hata hivyo, tutazame hojaji hizo zilijibiwa na nani. Zilipelekwa hasa kwa maofisa wa serikali na wamisionari. Mwislamu mwenyewe aliyeulizwa habari zake hakuwa mhojiwa. Alikuwa kitu cha kuripotiwa. Swali halikuwa "Unaamini nini na kwa nini?" bali "Je, ni hatari kwetu?" Swali la namna hiyo likiulizwa, jibu lolote litaonekana la hatari. Akiwa na madrasa, anaeneza. Asipokuwa nayo, anaficha. Hapa ndipo tunapoona tofauti ya faili na utafiti: faili hutaka kujua kama mtu adhibitiwe, utafiti hutaka kujua mtu anaishije.

4. Kambi za Waswahili na kitabu cha Kagabo

Wabelgiji waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mashaka hayo kwa njia ya makazi. Waislamu walitengewa mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka au kuhamia kwingine kulihitaji kibali. Biryogo mjini Kigali ndiyo mashuhuri kuliko zote. Elimu nayo ilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo mzazi wa Kiislamu aliyetaka mwanawe asome alikabiliwa na chaguo zito: shule kwa sharti la ubatizo, au dini bila shule. Wengi walichagua dini na wakabaki katika kazi zisizohitaji cheti, yaani biashara ndogondogo, udereva, ushonaji na uchinjaji. Kisha jamii ikawacheka kwa kazi zilezile, na neno Mswahili likapata maana nyingine ya mtu mjanja, wa mjini, asiye na kwao.

Msomi aliyeichukua hali hii na kuifanya swali la historia ni José Kagabo, Mnyarwanda aliyefundisha katika chuo cha EHESS mjini Paris. Kitabu chake cha Kifaransa kuhusu Uislamu na Waswahili wa Rwanda kilitoka mwaka 1988. Tunawaomba wanafunzi wetu watazame jambo dogo lililo kwenye jalada: neno Swahili limewekwa ndani ya alama za kunukuu. Alama zile ni hoja kamili. Zinatuambia kwamba jina hili si la kabila wala la asili, ni jina ambalo watu wamepewa, na kazi ya mwanahistoria ni kuuliza walipewa na nani, lini, na likawafanyia nini.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kagabo mwenyewe alichapisha mwaka 1995, katika jarida la Les Temps Modernes, kumbukumbu za safari yake Rwanda baada ya mauaji. Na watafiti waliorudi kuuliza jinsi jamii mbalimbali zilivyoenenda waligundua jambo lililowashangaza wengi. Kristin Doughty na David Moussa Ntambara, katika utafiti wao wa mwaka 2005, walieleza jinsi Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, na wa Mabare upande wa mashariki, walivyowaficha majirani zao, Waislamu na wasio Waislamu, na jinsi viongozi wa dini walivyokwisha waonya waumini dhidi ya siasa za chuki.

Hatusemi kwamba kila Mwislamu aliokoa. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura aliyehukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2003, alikuwa Mwislamu. Historia haina haja ya malaika. Lakini jamii iliyowekwa kambini kwa kudhaniwa hatari ilitoa, kwa kadiri yake, watu wengi waliokataa kuua. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba, kwa kusukumwa pembeni, walijizoesha kujitambua kwa dini yao kabla ya kujitambua kwa makundi ya vitambulisho. Faili la mwaka 1911 lisingeweza kututabiria hayo. Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu Waislamu kuwa asilimia 1.8 ya Wanyarwanda, na ya mwaka 2012 asilimia 2. Ni wachache, lakini uchache wao haukuwazuia kuwa somo kwa taifa.

5. Riaz Hassan: kutoka kifo cha jirani hadi kifo kilichogeuzwa silaha

Tarehe 7 Agosti 1998 malori yaliyojaa mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 waliuawa, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa njiani kwenda kazini au wamekaa ofisini. Tangu siku hiyo, na hasa baada ya Septemba 2001, swali la Wajerumani lilirudi katika ulimwengu mzima kwa sauti kubwa zaidi: je, Waislamu ni hatari kwetu?

Miongoni mwa waliokataa kulijibu swali hilo kabla ya kulibadilisha ni mwanasosholojia Riaz Hassan. Yeye ni mzaliwa wa Punjab. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani mwaka 1968, akafundisha Singapore, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Flinders, Adelaide, Australia, ambako alifanya kazi kwa miaka mingi. Wasomaji wanaomjua kwa vitabu vyake juu ya Uislamu hushangaa kusikia kwamba hakuanza na Uislamu wala na ugaidi. Huko Singapore alichunguza maisha ya familia za kipato cha chini katika majumba ya serikali, na kitabu chake juu ya hilo kilitoka mwaka 1977. Mwaka 1983 alitoa kitabu kuhusu kujiua nchini humo, na mwaka 1995 akarudi tena kwenye mada ya kujiua katika kitabu kingine kilichochapishwa Australia.

Tunasisitiza mpangilio huo kwa sababu ndio ufunguo wa kazi yake. Alijifunza kwanza kuhusu kifo cha jirani: mtu anayejiua katika mji wa kawaida bila kumdhuru mwingine. Alifuata njia iliyofunguliwa na Mfaransa Émile Durkheim mwaka 1897, kwamba kujiua si siri ya moyo mmoja tu, bali kuna uhusiano na jinsi jamii inavyomfunga mtu au kumwacha. Durkheim alieleza kwamba wapo wanaojiua kwa sababu uzi wa kuwaunganisha na wenzao umekatika. Wapo pia wanaojiua kwa sababu uzi huo umekazwa mno, hata wakaona nafsi yao si kitu mbele ya kundi.

Hatua ya pili ilikuwa kuziuliza jamii za Kiislamu zenyewe. Kuanzia miaka ya 1990, Hassan na wenzake waliwahoji Waislamu nchini Indonesia, Pakistan, Misri na Kazakhstan, na baadaye Iran, Malaysia na Uturuki. Kwa jumla wahojiwa walizidi 6,000. Matokeo yalitoka katika vitabu vyake vya mwaka 2002 na 2008. Tofauti na hojaji za Hartmann, safari hii aliyeulizwa ni muumini mwenyewe: anasali vipi, anawaamini viongozi gani, anamwonaje mwanamke, anaonaje dola na dini.

Majibu yalivunja picha ya Uislamu mmoja. Ibada aliyoikuta Indonesia na Misri ilikuwa mbali sana na ya Kazakhstan, nchi iliyotoka katika miongo ya utawala wa Kisovieti. Aidha aliona jambo linalohusu siasa moja kwa moja: mahali ambapo dini na dola vimeunganishwa, watu wakikosa imani na serikali hukosa imani na wanazuoni pia. Vikitenganishwa, wanazuoni huweza kubaki na heshima yao hata serikali ikichukiwa. Kwa maneno mengine, anayetaka kuitumia dola ili kuipa dini nguvu anaweza kuiondolea dini ile nguvu iliyokuwa nayo.

Hatua ya tatu ilikuwa ya kuogofya zaidi. Huko Flinders, Hassan aliongoza ujenzi wa kanzidata ya mashambulizi ya kujilipua. Kwa hesabu aliyoitangaza, kati ya mwaka 1981 na 2006 yalitokea mashambulizi 1,200 ya namna hiyo duniani. Yalikuwa asilimia 4 tu ya mashambulizi yote ya kigaidi, lakini yaliua watu 14,599, yaani asilimia 32 ya vifo vyote vya ugaidi. Alionyesha pia kwamba sehemu kubwa sana ilitokea katika maeneo machache yenye vita: Iraki, Palestina na Israeli, Afghanistan, Pakistan na Sri Lanka. Sri Lanka ni muhimu katika orodha hiyo, kwa kuwa waliojilipua huko katika miaka ile walikuwa wapiganaji wa Kitamil ambao hawakuwa Waislamu.

Hitimisho lake, alilolifafanua katika kitabu chake kikuu juu ya mada hii mwanzoni mwa miaka ya 2010, ni kwamba wengi wa wanaojilipua si wendawazimu, na kwamba dini peke yake haitoshi kueleza wanayofanya. Kunakuwa na kundi lililopimana nguvu na adui mwenye silaha bora. Kunakuwa na fedheha, kisasi, kupotelewa na ndugu, na hamu ya kuonekana umefia wenzako. Dini huja kulipa tendo lugha ya kulipamba. Ule uzi wa Durkheim uliokazwa mno ndio alioukuta tena.

Si wote waliokubaliana naye. Mmarekani Robert Pape, katika kitabu cha mwaka 2005, alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa kudai kwamba chanzo kikuu ni majeshi ya kigeni kukalia nchi za watu. Assaf Moghadam alijibu mwaka 2008 kwamba maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mashambulizi mengi ya miaka ya karibuni yalifanywa na mitandao inayovuka mipaka na yenye itikadi maalumu, hata pale pasipokaliwa na jeshi la nje. Sisi tunaona kwamba pingamizi hilo lina uzito. Itikadi inayofundisha kwamba muuaji ni mtakatifu haiwezi kuwa pambo tu. Lakini mjadala huu wenyewe umewezekana kwa sababu pande zote zilikubali kuhesabu, kuuliza na kupingana kwa ushahidi. Wala kueleza si kutetea. Daktari anayechunguza kipindupindu hatetei kipindupindu.

6. Ushahidi wa kwetu

Je, hayo yanaihusu Afrika Mashariki? Orodha ya misiba yetu inajibu. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala, karibu na Mombasa, ililipuliwa. Tarehe 3 Desemba 2009 mtu alijilipua mjini Mogadishu katika mahafali ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Benadir. Waliokufa ni wahitimu, wazazi, walimu, na mawaziri wa afya, elimu na elimu ya juu. Sisi tunaovaa majoho kila mwaka tusome sentensi hiyo mara mbili. Tarehe 11 Julai 2010 watu zaidi ya 70 waliuawa Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori moja liliua zaidi ya watu 500 Mogadishu, mji ambao karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Na tarehe 25 Desemba 2021 mtu alijilipua kwenye mkahawa mjini Beni, mashariki mwa Kongo, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya kila siku.

Wafu hawahojiwi. Lakini waliojiunga na makundi hayo wakakamatwa au wakajitoa wanaweza kuulizwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilitoa mwaka 2017 ripoti iliyotokana na mahojiano na watu 718 kutoka nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Somalia na Kenya. Kati yao, 495 walikuwa wamejiunga na makundi ya msimamo mkali kwa hiari. Asilimia 71 ya watu hao walisema kwamba kilichowasukuma mwisho ni tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 57 walikiri kwamba hawakuielewa au waliielewa kidogo sana misaada ya maandiko ya dini waliyodai kuipigania. Na waliosoma elimu ya dini kwa muda wa kutosha walionekana kuwa wagumu zaidi kuvutwa. Ripoti iliyofuata, ya mwaka 2023, iliwahoji karibu watu 2,200. Robo ya waliojiunga kwa hiari walitaja ajira kuwa sababu kuu, na asilimia 17 walitaja dini.

Takwimu hizo zinampindua mtawala wa mwaka 1908 miguu juu. Yeye aliiogopa madrasa. Mahojiano yanaonyesha kwamba aliyesoma dini yake vizuri ana ngao, na aliyeisikia vipandevipande ndiye anayedanganyika.

Ripoti ya 2017 ilitaja pia kwamba wengi walikulia pembezoni, katika maeneo ya mipakani yaliyosahauliwa. Hapo tuwe waangalifu. Nkombo ni pembezoni: ni kisiwa cha mpakani ambacho huduma nyingi hukifikia kwa mtumbwi, na vijana wake huvuka kwenda Kongo kutafuta riziki. Lakini watu wa pembezoni kwa mamilioni huishi, huvua, huoa na kuzika bila kumdhuru mtu. Umaskini na umbali ni ardhi tu, na shamba halioti bila mpanda mbegu. Mtafiti anayesahau hilo atawageuza maskini wote kuwa washukiwa, kama vile mtangulizi wake alivyowageuza Waislamu.

7. Neno mhanga na kazi ya mwalimu

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Vyombo vya habari vya Kiswahili humwita mtu anayejilipua "mshambuliaji wa kujitoa mhanga". Vyombo hivyohivyo, katika habari hiyohiyo, huwaita waliouawa "wahanga". Mwanafunzi makini atauliza: mhanga ni nani hapa, aliyeua au aliyeuawa? (Mwanafunzi wa Rwanda ataongeza kucheka, akikumbuka Wilaya ya Muhanga, ambayo haimo katika shauri hili.)

Kujitoa mhanga, katika matumizi ya asili, ni kuitoa nafsi yako kwa ajili ya wengine: mama anayerudi ndani ya nyumba inayoungua kumtoa mtoto, au jirani wa Biryogo aliyefungua mlango usiku mwaka 1994 akijua kwamba anaweza kuuawa. Tukilitumia neno hilo kwa mtu aliyejilipua katikati ya mahafali, tumempa heshima aliyoitafuta. Hassan alieleza kwamba kundi hujenga picha ya muuaji kama mtu aliyejitoa kwa ajili ya wenzake. Sisi tunaijenga picha hiyo bure, kwa uvivu wa tafsiri. Pendekezo letu ni kusema "kujilipua" kwa tendo, "aliyejilipua" kwa mtendaji, na "waathiriwa" au "waliouawa" kwa waliofikwa. Mhanga abaki kwa wanaostahili.

Maneno mengine nayo yanataka macho. Shahidi, kwa Kiswahili, ni mtu aliyeona akasema kweli mbele ya baraza, na pia ni aliyekufa kwa ajili ya imani. Rwanda iliyopitia Gacaca inajua thamani ya shahidi wa aina ya kwanza, na haifai kumwachia mlipuaji jina hilo kwa sababu tu kundi lake limempa. Jihadi ina mzizi mmoja wa Kiarabu na neno letu juhudi, na mwalimu akilionyesha hilo ubaoni kwa dakika tano atakuwa amefanya zaidi ya hotuba ya saa nzima. Hata kanzidata za watafiti hutegemea sana habari zilizoandikwa na waandishi, hivyo neno likichaguliwa vibaya gazetini huingia katika hesabu za wasomi.

Kuna pia kazi ya tafsiri. Hojaji ikitoka Adelaide au New York haina budi kupita mikononi mwa wafasiri kabla ya kumfikia mhojiwa wa Lamu, Beni au Kamembe. Dhana kama vile msimamo mkali, uaminifu kwa taasisi au uchaji zina vivuli vyake kwa Kiswahili. Mwulize mzee, "Je, wewe una msimamo mkali katika dini?" naye anaweza kujibu ndiyo kwa fahari, akimaanisha kwamba hakosi sala ya alfajiri. Mtafiti asiyejua Kiswahili ataandika nambari kwenye safu ya hatari. Hapa ndipo wahitimu wetu wanapohitajika, na hii ni ajira halisi ambayo tunapaswa kuwaandaa kwayo.

8. Hitimisho

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kando ya Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa sheria, Mswahili wa kambini na mvuvi wa Nkombo sasa wanazungumza lugha rasmi. Lakini sheria haifuti alama za kunukuu za Kagabo kwa siku moja. Bado yupo mzazi anayeuliza kama mwanawe akisoma Kiswahili atasilimu, na yupo mwanafunzi wa Kiislamu anayenyamaza darasani kila habari za bomu zinapotangazwa, akihofu kugeukiwa na macho ya wenzake.

Kwa mwanafunzi huyo, tofauti ya faili na utafiti si nadharia. Tunawashauri walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, historia ya jina Mswahili ifundishwe katika mwaka wa kwanza, kabla ya ngeli za majina. Pili, habari za mashambulizi zitumike darasani kama matini ya kuchambua msamiati, ili wanafunzi wazoee kuuliza neno linamtumikia nani. Tatu, wanafunzi wanaofanya utafiti nyanjani waende kwanza kusikiliza: Biryogo, Kamembe, Nkombo, na kila mahali ambapo watu wamezoea kuandikwa bila kuulizwa.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi tunaofundisha lugha ya kuulizia hatuna udhuru.